Kikao cha Saa Nzima cha Alhamisi na Pampu Inayokitegemea

Ukipita kwenye hoteli za Kampala, Jinja, Mbale au Tororo siku ya kazi mchana, hukosi kukuta kibao karibu na mapokezi: klabu fulani ya huduma, ya Rotary au Lions, inakutana leo, chumba fulani, saa 7. Ndani kuna watu wenye pini ndogo kifuani, kengele kwenye meza ya mbele, bendera pembeni na foleni ya chakula. Anayechungulia kutoka nje huuliza swali la haki kabisa: hawa wanaokula matoke na kuku kila wiki kwa jina la kusaidia watu, huyo anayesaidiwa anapata nini?

Anapata kile ambacho saa hiyo imepangwa kumpa. Kisima cha msaada kikiacha kutoa maji mwaka wa pili, fundi atakagua washa (vipete vya kuziba ndani ya pampu) na mabomba, na hiyo ndiyo kazi yake. Mimi hutaka kwanza kuona kumbukumbu za mikutano ya klabu iliyokijenga. Kilitajwa mezani mara ya mwisho lini? Mara nyingi jibu ni wiki ya kukata utepe. Ndiyo maana nitaeleza mlo na pampu kwa pamoja. Wanaovitenganisha ndio wanaopoteza pesa za watu.

Mtindo huu wa watu wa kazi mbalimbali kukutana kila wiki ulianza Chicago tarehe 23 Februari 1905, wakili Paul Harris alipokaa na wenzake watatu na kuanzisha Rotary. Lions wakaja 1917, mji huohuo. Hapa Uganda klabu ya Rotary ya Kampala ni ya 1957. Sam Owori alipokuwa gavana wa Rotary mwishoni mwa miaka ya 1980, nchi ilikuwa na klabu 9. Alipofariki Julai 2017, akiwa tayari amechaguliwa kuwa rais wa Rotary duniani kwa mwaka wa 2018–19, zilikuwa 89. Tangu 2016 kanuni za Rotary zinaruhusu klabu kukutana angalau mara mbili kwa mwezi badala ya kila wiki, na nyingine zimehamia jioni au mtandaoni kwa sababu ya foleni za magari. Bado naona mchana ndio wakati bora kwa klabu inayotaka kufanya kazi. Mkutano wa jioni hauna mwisho, lakini wa mchana unamalizwa na ofisi zinazowasubiri watu.

Klabu ya watu 30, tuseme inayokutana Alhamisi, inahitaji dakika 90, nusu saa ya kula na saa nzima ya kikao. Chakula kiwe tayari saa 6:30. Kengele igongwe saa 7:00 kamili, hata kama mgeni mkubwa bado anachota mchuzi. Unaimbwa wimbo wa taifa, beti moja, na wengine huongeza wimbo wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Inafuata sala fupi, kisha yale maswali manne ambayo Herbert Taylor aliyaandika 1932 akihangaika kuokoa kampuni ya sufuria iliyokuwa inafilisika: je, ni kweli? Je, ni haki kwa wote wanaohusika? Je, itajenga nia njema na urafiki bora? Je, itawafaa wote wanaohusika? Yote hayo ni dakika 6. Wageni wapewe 4, matangazo ya katibu 5, taarifa ya miradi 5, sajini (mtoza faini za mzaha) 7, mzungumzaji 20, maswali 8. Zinabaki dakika 5 za shukrani na za kufidia uzembe wetu.

Panapovuja kwanza ni kwenye wageni. Kila mgeni akipewa nafasi ya kusema "neno moja tu," neno hilo huwa dakika 3, na wageni 6 wamekula zaidi ya robo ya kikao. Aliyemleta mgeni ndiye amtambulishe, kwa jina, kazi na anakotoka, basi. Busia na Malaba, ambako wenzetu wa upande wa Kenya huvuka mpaka kuja kula nasi, kuna pia kubadilishana bendera ndogo za klabu na kupiga picha. Hayo yafanywe wakati wa kula, kabla ya kengele.

Taarifa ya miradi ikae kabla ya mzungumzaji, kamwe isiwe baada yake. Mzungumzaji akimaliza tu, nusu ya chumba inatazama saa na nusu nyingine imeshachukua funguo za gari. Kinachotakiwa ni karatasi moja yenye safu nne: jina la mradi, tarehe ulipokaguliwa mara ya mwisho, nani alikwenda, alikuta nini. Kila wiki usomwe mradi mmoja, na ile ya zamani isiachwe nje. Klabu yenye miradi 8 itakuwa inaurudia kila mmoja baada ya miezi miwili. Kama hakuna aliyekwenda, iandikwe "hakuna aliyekwenda." Mstari huo ukisomwa mara mbili mfululizo mbele ya watu 30, wa tatu hujaa wenyewe.

Sasa chakula, kwa sababu ndicho kinachoharibu ratiba kuliko kitu kingine. Bafe ikiegemezwa ukutani, watu wanapakua upande mmoja tu. Kila mtu akitumia sekunde 40 kupita kwenye wali, matoke, posho (ugali), viazi, nyama, mchuzi wa karanga na dodo (mchicha), watu 30 wanamaliza dakika 20. Aliyefika saa 6:45 anakaa kula kengele ikigongwa. Mwambieni mhudumu aivute meza katikati ya chumba, sahani ziwekwe pande zote mbili, na foleni inakuwa dakika 10. Wapishi wengine hukataa kwa sababu ya waya za kupashia moto, basi aombwe awashe vile vichoma vya spiriti chini ya masufuria. Vinywaji viwe meza nyingine kabisa, mbali na chakula. Mtu anayechagua soda mwishoni mwa foleni anawasimamisha wote walio nyuma yake.

Mkataba na hoteli usomwe neno kwa neno, hasa pale penye idadi ya chini ya sahani. Tuseme sahani ni shilingi 35,000 na hoteli imeandika sahani 25 za lazima. Wakija watu 17, klabu inalipa sahani 8 ambazo hakuna aliyezila, yaani 280,000. Ikitokea hivyo wiki nne, ni 1,120,000, na katibu anashangaa pesa zimekwenda wapi. Idadi ya lazima ikubaliwe chini kidogo ya wastani wa mahudhurio ya miezi mitatu, na iruhusiwe kubadilishwa kwa taarifa ya siku moja. Kwenye kundi la WhatsApp, anayekuja aandike jina kabla ya saa 10 jioni ya siku inayotangulia. Aliyeandika asije, alipe. Ni kanuni chungu, hasa kwa wakubwa, lakini bila hiyo mwenye kuhudhuria ndiye anayemlipia mwenye kukosa.

Bei ya sahani ndiyo inayoamua pia nani anakuwa mwanachama. Kijana aliyetoka Rotaract (klabu za vijana za Rotary), mwalimu au muuguzi, hawezi kutoa 35,000 kila wiki, na hatasema hivyo. Atapotea tu kimyakimya. Klabu yenye akili huruhusu mtu kuja bila kula, alipie maji tu, na anakaa meza ileile na wenzake. Meza ya pembeni ya "wasiokula" ni aibu, isiwepo. Kuna klabu zilizoacha bafe kabisa na kuchukua sahani moja iliyopakuliwa jikoni, au chai na chapati wiki moja na chakula kamili wiki inayofuata. Kwa maoni yangu klabu nyingi zingefanya vizuri kuiga.

Ijumaa saa 7 isichaguliwe. Waislamu wako kwenye swala, na huko Arua, Bombo, Mbale au Iganga hiyo ni sehemu nzuri ya wanachama wako. Ramadhani ikifika, wiki mbili tatu zihamishiwe jioni, mfuturu pamoja. Hoteli iulizwe mapema kuhusu nyama halali, na isiwe siku yenyewe mbele ya sufuria.

Sajini ni mtu wa mzaha na wa pesa kwa wakati mmoja. Anatoza faini ndogondogo: umechelewa, simu imelia, gazeti limetoa picha yako, umevaa jezi ya timu iliyofungwa. Shilingi 1,000 hadi 5,000 zinatosha. Ikizidi hapo mzaha unageuka kodi. Shilingi ya furaha inakwenda sambamba na faini, mtu anatoa chochote na kusema kwa sentensi moja kilichomfurahisha wiki hiyo, mtoto amefaulu au ng'ombe amezaa. Sajini asimtoze mgeni, asiguse ndoa ya mtu, kabila, unene wala deni. Na zile noti zihesabiwe palepale mezani na watu wawili, kiasi kiandikwe, kitangazwe kabla ya kengele ya mwisho. Bakuli linaloondoka bila kuhesabiwa huzaa maneno, hata kama mweka hazina ni mtawa.

Hilo linatufikisha kwenye hesabu. Klabu iwe na akaunti mbili za benki. Ya kwanza ni ya uendeshaji: ada, chakula, pini, mchango wa makao makuu. Ya pili ni ya huduma: kila shilingi iliyotolewa na umma au mfadhili kwa ajili ya watu. Chakula hakilipwi kutoka ya pili, hata kwa mkopo wa siku mbili. Kosa huanza hivyohivyo, kwa siku mbili. Hoteli inadai, ada hazijaingia, pesa za kisima zimelala benki, mtu anasema "tutarudisha Jumatatu." Ada haziingii Jumatatu, na mchimba visima akija kudai awamu ya kwanza, akaunti ina nusu. Watia saini wawe watatu, yeyote wawili kati yao, na wasiwe wa familia moja wala ofisi moja.

Pesa nyingi siku hizi zinaingia kwa mobile money. Fungueni namba ya biashara kwa jina la klabu, msitumie simu ya mweka hazina. Simu ya mtu ikipotea au akihama mji, historia ya malipo inakwenda naye. Jambo la pili ni makato. Ukitoa noti kwa wakala, unalipa ada ya kampuni na juu yake kodi ya serikali ya asilimia 0.5 ya kiasi unachotoa. Kwa milioni 4, kodi peke yake ni 20,000. Linganisheni na gharama ya kuhamisha moja kwa moja kwenda benki kabla ya kuzoea kwenda kwa wakala.

Mzungumzaji aandikiwe wiki tatu kabla, aambiwe dakika 20 na mada kwa sentensi moja. Wiki yenyewe apigiwe simu. Mwenye projekta aje saa 6:15, kwa sababu waya unaokosekana huonekana pale tu mzungumzaji amesimama. Wazungumzaji bora ni wale wenye jambo ambalo klabu inaweza kulifuata: ofisa maji wa wilaya, mkunga wa kituo cha afya III, fundi wa pampu. Muuza bima apewe muda wa kula, asipewe jukwaa. Majira ya kampeni, mgombea aje kula kama mgeni wa kawaida, asishike kipaza sauti. Klabu hizi hazina chama, na picha moja ya mgombea mbele ya bendera yenu itawafuata miaka mitano.

Ofisa maji akija, muulizeni swali moja: ni visima vingapi vya pampu vilivyolala katika kata hii ambavyo vingeweza kufufuliwa? Wengi wetu tunapenda kuchimba kipya, kwa sababu kipya kinabeba jina la klabu kwenye saruji. Ila kufufua ni rahisi zaidi kwa mbali, na tundu lipo tayari. Kabla ya kuahidi chochote, nendeni na fundi wa pampu wa eneo hilo, yule anayetambuliwa na ofisi ya maji ya wilaya, na mfanye majaribio mawili yasiyohitaji mashine.

La kwanza ni la kiasi. Pampu nyingi za vijijini kwetu ni U2, jamaa ya ile India Mark II, na baadhi ni U3. Sukumeni mpaka maji yatoke bila kukatika, kisha wekeni ndoo, mtu mmoja apige mpini mara 40 kwa dakika moja, mpini ushuke na kupanda mwendo wake wote. Pimeni. Kama lita 10 hazifiki, washa za ndani ya silinda zimelika, au maji ya tundu yenyewe ni machache. La pili ni la kuvuja. Mkishamaliza, zuieni watu wasiguse pampu nusu saa, jambo ambalo ni gumu kuliko linavyosikika maana foleni ya madumu iko hapo. Kisha pigeni mpini mkihesabu. Maji yakitoka ndani ya mapigo 5, safu ya maji imebaki juu. Ikichukua 15 au 20, vali ya chini haifungi au bomba lina tundu au kiungio kimelegea, na kinamama wanamwaga jasho kila asubuhi kupandisha maji yaliyorudi chini usiku.

Kwa U2, kubadilisha washa ni kazi ya watu wanne na mchana mzima. Silinda iko chini, na kuifikia lazima uvute bomba zote, kila moja ya mita 3, moja baada ya nyingine kwa kibano. Pampu yenye mita 36 ina bomba 12, na zote zimejaa maji. U3 ina bomba pana, hivyo pistoni inavutwa kwa vyuma vya kati bila kugusa bomba. Kwa hiyo mnaponunua pampu mpya ulizeni ni ipi, na nani kijijini ana vifaa vya kuivua.

Tatizo linaloua visima vingi zaidi ya washa ni kutu. Mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki yanaliwa haraka pale maji ya ardhini yana asidi, na sehemu nyingi za Uganda ziko hivyo. Maji yanatoka meupe, yakilala kwenye dumu yanageuka rangi ya udongo, chai inakuwa nyeusi, shuka nyeupe zinachafuka, na watu wanarudi kwenye kijito hata kama pampu inafanya kazi. Kujua kama chuma kinatoka kwenye bomba au kwenye mwamba, fikeni alfajiri kabla ya mtu kuchota. Maji ya kwanza yakiwa mekundu kisha yakasafika baada ya kuchota sana, ni bomba. Yakibaki mekundu mpaka jioni, ni maji ya ardhini yenyewe, na kubadilisha bomba hakutasaidia. Wizara ya Maji na Mazingira ilisitisha matumizi ya bomba hizo za zinki mwaka 2016, lakini dukani bado zipo, bei yake ni ndogo, na mkandarasi asiyesimamiwa atazileta. Kwenye mkataba andikeni waziwazi: bomba za chuma cha pua, au plastiki nzito pale kina kinaporuhusu. Siku ya kufunga, mjumbe wa klabu awepo kabla bomba la kwanza halijaingia ardhini, kwa sababu likishaingia hakuna anayeliona tena.

Baada ya pampu kufunguliwa, tundu litiwe klorini, likae usiku mmoja, asubuhi maji yasukumwe yamwagwe mpaka harufu iishe. Mafundi wenye haraka huruka hatua hii. Saruji ya jukwaa ifunikwe kwa magunia yaliyoloweshwa na kumwagiwa maji siku 7. Ikikauka kwa jua la siku mbili inapasuka, na maji machafu yanarudi kisimani kupitia ufa. Mfereji upeleke maji mbali, na ng'ombe wazuiwe kwa ua wa miti. Choo kiwe mita 30 au zaidi.

Halafu kuna kamati ya maji. Mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, ataleta majina haraka sana, mengine ni ya shemeji zake. Subirini mkutano wa kijiji, na nusu ya kamati wawe wanawake, maana ndio wanaojua pampu imeanza kuwa nzito. Nyumba 60 zikitoa shilingi 1,000 kwa mwezi, ni 720,000 kwa mwaka, na hiyo inatosha kumwita fundi, kununua washa, mnyororo na grisi. Daftari la mapato likae kwa mweka hazina wa kijiji, ila mjumbe wa klabu apige picha ya kurasa zake kila akienda. Picha hiyo ndiyo inayosomwa mezani Alhamisi. Michango ikiporomoka, pampu itafuata baada ya miezi michache, na mtakuwa mmejua mapema.

Kuchangia damu ni kazi ya namna nyingine, ya siku moja, na inafaa klabu isiyo na pesa. Huduma ya Damu ya Uganda ina benki za mikoa, zikiwemo za Nakasero, Mbale, Mbarara, Gulu, Arua, Fort Portal na Kitovu. Wanaleta wauguzi, vitanda, mifuko na vipimo. Klabu inaleta mahali, kivuli, viti 40, maji ya kunawa, soda, biskuti na watu. Tarehe ndiyo ya kufikiria sana. Wachangiaji wengi nchini ni wanafunzi wa sekondari, kwa hiyo benki hukauka shule zikifungwa, hasa Desemba na Januari. Klabu nyingi hupanga siku yao katikati ya muhula, kwa sababu ni rahisi kujaza foleni shuleni. Pangeni likizo, sokoni au kwenye stendi ya teksi, baada ya kuongea na viongozi wa boda boda na wa soko. Damu ikihifadhiwa haidumu zaidi ya wiki chache, hivyo uhaba wa Januari hauzibwi na mafanikio ya Oktoba.

Wanaorudishwa bila kutoa huwa wengi kuliko mnavyotarajia, na sababu ni za kawaida: hajala tangu jana, damu yake ni chache, ananyonyesha, alitoa hivi karibuni. Mwanamume husubiri miezi mitatu, mwanamke minne. Tangazo la redio liseme "kula kwanza, kunywa maji." Msiwaahidi benki chupa 200 kwa sababu watu 200 wamesema ndiyo. Na msitangaze kwamba watu watapata majibu ya virusi siku hiyo. Wapo watakaokimbia, na wapo watakaokuja kwa ajili ya kipimo tu, ambao si watu unaotaka kuchukua damu yao. Ukimwi na homa ya ini hupimwa kwenye benki, na benki ina utaratibu wake wa kuwajulisha.

Mengine nitayapitia haraka. Mbio za Saratani za Rotary, zilizoanza 2012 na hufanyika Agosti kwa ajili ya huduma za saratani katika hospitali ya Nsambya, hazihitaji ubunifu wenu. Nunueni fulana mapema, kwa sababu saizi kubwa huisha kwanza. Kupanda miti bila mtu wa kumwagilia Januari ni kupiga picha tu. Kambi za matibabu za siku moja nazitilia shaka, isipokuwa kama kituo cha afya cha hapo kinabaki na orodha ya wenye presha na sukari, na dawa za mwezi unaofuata. Kumwambia mama mzee presha yake ni 190 kisha mkafunga hema mkaondoka si huduma.

Ruzuku kubwa ya Rotary inaanza na bajeti ya dola 30,000, na inataka klabu ya nchi nyingine iwe mshirika. Wanachotaka kuona kwanza ni tathmini ya mahitaji iliyofanywa na watu wenyewe, kwa mahojiano na vikao vya kijiji. Klabu zinazoandika ombi kwanza na kutafuta mahitaji baadaye zinajulikana, na zinarudishiwa karatasi. Ile karatasi ya safu nne inayosomwa kila Alhamisi, ya miaka miwili au mitatu, ina uzito mkubwa kuliko picha za rangi. Mshirika wa Kanada au Ujerumani anataka kujua kama mnarudi mnakojenga.

Mwaka wa klabu unaanza 1 Julai na kuisha 30 Juni, na rais anabadilika nao. Kila rais mpya anataka mradi wake. Dawa yake ni kamati ya huduma ambayo wajumbe wake wanakaa miaka mitatu, theluthi moja ikitoka kila mwaka, na kanuni kwamba mradi mpya hauanzi mpaka rais mteule awe ametembelea kila mradi wa zamani kabla ya mwisho wa Mei, akiwa na fundi. Makabidhiano ya Juni yawe na faili la kila kisima: ripoti ya mchimbaji, kina, aina ya pampu, aina ya bomba, matokeo ya kipimo cha maji, namba za simu za kamati ya maji na za fundi, na picha za daftari la michango. Mweka hazina anayeondoka asipewe saini ya mwisho ya makabidhiano mpaka salio la akaunti ya huduma limesomwa mezani pamoja na taarifa ya benki ya siku hiyo, na hilo lifanyike kabla chakula cha sherehe hakijapakuliwa.